Inoyat Tu

Septemba 6, 1930

Hamdam amekuja leo kwa mlango wa nyuma, kupitia kwenye miforosadi, kama mwizi wa kuku. Ni mwenyekiti wa baraza la kijiji, mtu wa mihuri, lakini alipomwona baba mkwe wangu cheo chote kikamtoka. Akasimama mlangoni, viatu mkononi, akingoja aambiwe keti. Buva, yaani Babu, kama tunavyomwita wote, akamwambia keti. Akaketi ukingoni kabisa mwa zulia.

"Eshon Buva, nisameheni," akasema. "Kuanzia leo Eshon hakuna."

"Nimekufa?" Buva akamuuliza.

"Mungu apishe mbali. Tume ya wilaya inakuja kukaa nasi mpaka pamba iishe. Wanatafuta mabeki wenye ardhi, mashehe, watu wa nasaba. Ninyi nimewaandika Inoyat, mkulima, hana ardhi. Karatasi iko salama. Ninaowaogopa ni watu. Mmoja akiteleza akasema Eshon mbele yao, mnapakiwa kwenye treni ninyi na nyumba nzima, na mimi niliyeandika nawafuata."

Shida ni kwamba hapa Tolzor hakuna aliyewahi kumwita Inoyat. Baba yake aliitwa Eshon, yaani shehe wa nasaba, na babu yake pia. Watu walimletea watoto wagonjwa awasomee dua na kuwapulizia, na hakuna harusi iliyofungwa bila dua yake. Ardhi aliigawa miaka miwili iliyopita, kilemba akakivua, na siku hizi anachuma pamba kama sisi. Lakini cheo hawezi kukivua mwenyewe, maana kiko midomoni mwa wengine.

Haya nayaandika kwa herufi mpya za Kilatini, zile ninazowafundisha wanawake asubuhi. Mama mkwe hazijui. Daftari nitalificha ndani ya gunia la pumba.

Septemba 7

Tumefanya mazoezi, kama watoto wa shule.

Binti yangu Lutfi, mwenye miaka mitano, alifaulu mara ya kwanza. "Inoyat, nipe tikiti," akasema, na Buva akacheka mpaka machozi yakamtoka, akamkatia kipande kikubwa.

Mama mkwe, tunayemwita Oyi, alikataa katakata. "Miaka arobaini na moja nimeishi naye na jina lake halijapita kinywani mwangu. Nije kulianza leo kwa ajili ya watu wa wilayani? Nitamwita Baba Mansur, kama siku zote. Hata wao wana baba."

Mansur ndiye mume wangu. Yuko mjini Kokand, kwenye kiwanda cha pamba, na huja mara moja kwa mwezi akipewa ruhusa. Alipoondoka aliniambia neno moja tu: mtunze Buva.

Zamu yangu ilipofika, nilifungua mdomo na sauti haikutoka. Kwetu mkamwana hamtaji mkwewe jina, hampiti kwa mbele, na humwambia "ninyi" hata akiwa peke yake. Buva akanitazama kwa huruma. "Zebokhon, mwanangu, jaribu." Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma, mwaka wangu wa kwanza nyumbani humu, nami nimekaa nyuma ya pazia. Nikasema "Ino," nikashikwa na kikohozi.

"Huyu atatuua sote kwa adabu yake," Oyi akasema.

Septemba 9

Kilo ishirini na tatu. Vidole vimechanika.

Septemba 14

Mtu wa tume amefika. Anaitwa Norboyev, hata miaka thelathini hajafika, ana koti la mjini na kikohozi kibaya. Nilitegemea mtu wa makelele. Huyu anaongea taratibu mpaka inabidi umsogelee ndipo umsikie, na kumsogelea ndiko kunakotisha.

Alituweka sote uwanjani akasoma majina, akiyakata mikia ya heshima. Hakuna tena beki, hakuna khoja, hakuna khon. Kila mtu na jina lake moja. "Zebo," akasoma, akaja kunishika mkono mbele ya wanaume. "Wewe ndiye mwalimu. Vizuri."

Nitaandika ukweli, maana kama siuandiki hapa sijui nitauandika wapi. Nilifurahi. Kwa miaka saba humu ndani nimekuwa mkamwana tu: mkamwana lete maji, mkamwana washa tanuri. Oyi hajaniita Zebo hata siku moja. Alipolitamka yule mgeni, niliona kama nimerudishiwa kitu changu. Halafu nikageuka nikamwona Buva mwishoni mwa mstari, kofia ya viraka kichwani, na furaha yote ikaniisha.

Kisha Norboyev akasema, "Mimi karatasi sizisomi sana. Natazama watu wanasimama kwa heshima ya nani."

Septemba 20

Leo nusura. Mzee Tesha, jirani yetu, alikutana na Buva kwenye mfereji, gunia mgongoni, akashika ukingo wa mkono wa joho la Buva akaubusu. Ni mazoea yake ya miaka hamsini. Norboyev alikuwa hatua thelathini nyuma yake akisafisha buti zake. Tesha alipomwona akaanza kulidonoa lile joho kwa vidole, akisema kwa sauti, "Umejaa pamba, ndugu, umejaa pamba kweli." Akalidonoa mpaka yule bwana akapita.

Jioni Oyi alisimulia akicheka. Mimi sikucheka.

Septemba 27

Wamemchukua Eshon wa Qumariq. Ni kijiji kinachofuata, mtu ukipaaza sauti wanakusikia. Alijificha kama wetu, ameandikwa mkulima, amenyoa ndevu. Mwanamke mmoja akamletea mtoto wa homa ampulizie, akapiga magoti mlangoni, na wakaonekana. Mikokoteni miwili ikaja. Walichukuliwa wote, hata mkamwana mwenye mtoto wa miezi minne. Wanasema treni inakwenda kaskazini, kwenye theluji, na watoto hawamalizi safari.

Hakuna aliyemchongea yule mzee. Ameponzwa na watu wanaompenda. Usiku kucha nilikuwa nawahesabu wanaompenda Buva, na sikufika mwisho.

Oktoba 3

Mvua. Pamba imelowa, Hamdam anatembea ameshika kichwa.

Oktoba 5

Tojikhon amekuja, mchana kweupe, na mtoto amefunikwa shali. Ni mwanafunzi wangu, anakaa mstari wa mbele darasani. Nilijua kabla hajasema.

"Zebokhon, dada yangu, apulize mara moja tu. Mtoto hanyonyi tangu jana."

"Apulize nani? Hapa hakuna wa kupuliza. Mpeleke kwa daktari wa wilaya."

"Daktari yuko mbali. Eshon Buva yuko hapo ndani, namsikia akikohoa."

Nilimsukuma. Mtu mwenye mtoto mgonjwa mkononi, nilimsukuma kwa mikono miwili mpaka nje ya lango, nikamwambia akirudi nitamtaja kwa Norboyev. Alinitazama kama hanijui. Nami sikujijua.

Buva alikuwa amesikia yote. "Mtoto wa watu ananyimwa pumzi yangu ili mimi nipone," akasema. "Sasa hiyo pumzi naitunzia nini?"

"Mnamtunzia Lutfi," nikamjibu. "Treni haitawachukua ninyi peke yenu."

Akainamisha kichwa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumpinga.

Oktoba 9

Mtoto wa Tojikhon anaendelea vizuri. Mama yake haji tena darasani.

Oktoba 18

Norboyev aliingia darasani wakati wanawake wananakili neno "pamba". Akakaa nyuma, akakohoa kwenye leso, akasubiri mpaka wakatoka.

"Zebo, wewe ni mtu wa kwanza kuelewa hapa, kwa hiyo nakuambia wewe," akasema. "Katika kijiji hiki yumo mmoja. Bado sijamjua. Juzi niliingia kwenye nyumba ya chai, wazee wako saba, na mahali pa juu, pa mtu wa heshima, pako wazi. Hakuna aliyekaa hapo. Kwa nini watu saba wabanane kwenye kona, na zulia zuri liko tupu?"

"Labda hapo panavuja," nikasema.

Akatabasamu. "Nilitazama juu. Hapavuji." Kisha akanigeukia kabisa. "Mimi mwenyewe nimelelewa kwenye nyumba ya beki. Baba yangu alikuwa mchunga farasi, alikufa hajawahi kuongea na yule beki ameinua macho. Watu wanafikiri nina kisasi na mazulia. Sina. Nataka baba za watu wainue macho. Nisaidie."

Alipotoka niliona nimevunja chaki vipande vinne. Kinachonitia hofu zaidi ni kwamba namwelewa. Angekuwa mjinga ningelala.

Oktoba 19

Nimemweleza Buva. Ameamua kuanzia kesho atachuma shamba la mwisho, kwenye matete, na nyumba ya chai hatakanyaga. Hamdam ametuma ujumbe kwa kila nyumba: mkipishana naye, mpigeni kikumbo. Leo nimeona watu wakijaribu. Wanamsogelea kwa nguvu, halafu hatua ya mwisho wanampisha. Mwili haufundishiki.

Oktoba 26

Mansur hakuja. Hakupewa ruhusa, au ameogopa. Sijui, na siulizi.

Novemba 2

Nimetulia sasa. Naandika kwa taa, mkono bado unanuka pilau.

Leo tumetimiza mpango wa pamba. Norboyev akaamuru karamu kule kule shambani, pilau na mkate wa tanuri, wanaume na wanawake safu moja. Viti hakuna, ni mazulia yaliyotandikwa juu ya mabua. Nafasi aligawa yeye mwenyewe, kwa kunyosha kidole: wewe hapa, wewe pale. Hapakuwa na mahali pa juu wala pa chini. Buva akaangukia karibu na mwisho, pembeni ya birika la maji, baada ya wasichana wachumaji. Nikashusha pumzi. Nikasema moyoni, hapo hata malaika hamjui.

Mikate ikawekwa mbele yetu, mizima, mmoja kwa watu wanne. Pilau ikaja inafuka moshi. Norboyev akasema maneno machache juu ya kazi, kisha akasema, "Haya, kuleni."

Hakuna aliyekula.

Naapa hawakupanga. Watu sitini, wamechuma tangu alfajiri, wana njaa ya kutafuna matete, na hakuna mkono ulioinuka. Kwetu mkate hauguswi mpaka mkubwa wa mkutano auvunje. Siku zote, kwenye kila harusi na kila msiba wa kijiji hiki, aliyeuvunja ni mmoja. Mikono yao ilikuwa inamsubiri, wenyewe hata hawajui.

Nilisikia pilau ikitoa mvuke. Nilimwona Hamdam jasho likimtiririka hadi kwenye kola, amekodolea macho mkate wake kama anayetaka kuusoma, na hawezi. Nikamwona Buva. Alikuwa ameelewa kabla yetu sote. Mkono wake uliinuka kidogo ukarudi gotini. Akiuvunja, wote watavunja baada yake, na yule ataona. Asipouvunja, wote watakaa, na yule ataona.

Norboyev aliweka kijiko chini. Hakukasirika. Akaanza kupitisha macho kwenye safu, uso kwa uso, polepole, akitafuta wanakotazama. Watu wakainama. Lakini mzee Tesha hakuweza. Macho yake yalikuwa yamekwisha kwenda kule kwenye birika, na macho ya Norboyev yakaanza kuyafuata.

Nilisimama. Sikukata shauri, nilijikuta nimesimama. Nikaenda mpaka mwisho wa safu, nikapita mbele ya Buva, mbele kabisa, shati langu likamgusa uso.

"Inoyat," nikasema.

Lilitoka lote, na lilitoka kwa sauti ambayo sikuijua.

"Inoyat, wewe umekaa tu? Watu sitini hawajanawa mikono, wanakusubiri wewe, na umekalia maji kama kuku anayeatamia. Ulipangiwa kazi gani? Hebu nyanyuka."

Nyuma yangu mtu alivuta pumzi, nadhani ni Oyi. Kunawisha watu ni kazi ya mdogo kuliko wote kwenye mkutano. Msichana wa miaka kumi angetosha.

Buva aliniangalia. Sikuona hasira. Niliona hofu, na aliyemwogopa hakuwa Norboyev. Akasema, "Nisamehe, nilisahau," akanyanyuka kwa kushika mabua, akachukua birika, akatupa taulo begani.

Alianza na Norboyev. Akapiga magoti, akammiminia maji. Kisha akaja kwa wengine, mmoja mmoja, wote sitini. Watoto aliowapa majina, wanaume aliowafungisha ndoa, wakanyosha mikono naye akawanawisha. Tojikhon alinyosha mikono huku amefumba macho. Tesha alishindwa kuituliza yake, maji yakamwagika kwenye joho, na nikapiga kelele, "Angalia basi unapomwagia, mzee huyu," kabla Tesha hajatoa machozi. Alipofika kwangu nilinyosha mikono. Maji yalikuwa ya uvuguvugu. Aliyamimina vizuri, taratibu, kama mtu aliyeyafanya hayo maisha yake yote.

Nikauvunja mkate mbele ya wanaume wote, nikatia kinywani. Ndipo wakala.

"Mzee," Norboyev akamwita. "Unaitwa nani?"

"Inoyat."

"Inoyat nani?"

"Inoyat tu."

Akamtazama sana. Kisha akanitazama mimi, akacheka kidogo mpaka akakohoa. "Zebo, unawaendesha kweli," akasema, akarudi kwenye pilau yake.

Novemba 4

Ameondoka. Orodha ameisoma hadharani kabla ya kupanda mkokoteni, na kutoka Tolzor haina jina. Hamdam alikaa chini pale pale barabarani.

Novemba 5

Oyi haongei nami. Chai yangu nilikuta ameimwaga uani. Tojikhon nimepishana naye kisimani, akatema mate pembeni. Hamdam peke yake ndiye aliyenishukuru, na alifanya hivyo huku anatazama nyuma. Nimewaokoa wote, na wote wamenikasirikia. Sawa. Lutfi amelala hapa mguuni pangu, ana joto, anakoroma.

Buva tangu siku ile ananijibu kwa upole uleule. Ila hajaniita mwanangu.

Novemba 9

Leo Hamdam amemwita Buva kule ghalani, mbele ya watu, "Inoyat, sogeza gunia hilo." Nikamwuliza baadaye kwa nini, na tume imekwenda. "Wanaweza kurudi," akasema. "Tuzoee." Ni kweli, wanaweza kurudi.

Novemba 13

Inoyat, Inoyat, kijiji kizima. Wasichana wachumaji wanampigia mayowe kutoka upande wa pili wa mfereji awavushie vikapu, naye anavusha. Wiki iliyopita walimwita huku wameona haya. Sasa haya hamna. Nyumba ya chai wamekaa pale juu, kwenye lile zulia, vijana wawili wanacheza karata. Buva alikuwa mlangoni, na hakuna aliyegeuka. Alisubiri kidogo, akaondoka.

Nilimwona akirudi nyumbani anatembea pembezoni mwa njia, ameacha katikati wazi, na katikati hapakuwa na mtu.

Novemba 16

Barafu ya kwanza. Mabua yameungua.

Novemba 21

Nilikuwa na asubuhi mbaya. Tanuri halikushika, unga umeganda, Lutfi analia masikio, na darasani wananisubiri. Nikatoka uani nikakuta ndoo ya maji imepinduka mlangoni, barafu imetanda mpaka kizingitini. Alikuwa ameiacha Buva, alikwenda kuwapa ng'ombe majani. Niliteleza nikaangukia kiwiko.

"Inoyat!" nikaita. "Wewe, hii ndoo umeiacha hapa uniue? Njoo hapa."

Oyi alikuwa kwa jirani. Lango lilikuwa limefungwa kwa komeo, nilikuwa nimelifunga mwenyewe. Zaidi ya Lutfi hapakuwa na mtu wa kutusikia, hapakuwa na wa kuogopwa. Niliyajua hayo yote baada ya maneno kutoka, nikakaa pale chini kwenye barafu, mkono umeshika mdomo.

"Labeka," akajibu kutoka zizini, kama mtoto anavyomjibu mkubwa wake.

Nikamsikia anakimbia. Ana miaka sabini na moja, na alikimbia juu ya barafu. Akaja akasimama mbele yangu, mikono ameikunja kifuani na macho ameyashusha, akasubiri nimwambie la kufanya.